Namna ya kutambua vifaranga jike na dume siku ya kuanguliwa kwa kutumia jeni za kromosomu Z

Mfugaji anayetotolesha vifaranga wake mwenyewe kwa ajili ya mayai hulazimika kulea kundi zima kwa wiki kadhaa kabla ya kujua kwa uhakika ni wangapi watakaotaga. Katika muda huo majogoo, ambao kwa kawaida hukaribia nusu ya kundi, hula chakula kile kile, hupewa chanjo zile zile na huchukua nafasi ile ile katika banda. Ipo njia ya kuwatenganisha tangu siku ya kwanza bila kununua kifaa chochote, na bila kujifunza ufundi wa kufunua tundu la haja la kifaranga, ufundi ulioendelezwa Japani na ambao huhitaji mafunzo marefu na mkono mwepesi. Njia hiyo ni kuchagua wazazi kwa namna ambayo rangi ya kifaranga yenyewe itaonyesha jinsia yake. Nitaeleza hatua za kufuata, lakini nitakaa pia juu ya sababu, kwa kuwa nimeona kwamba mfugaji asiyeelewa sababu huweka jogoo mahali palipostahili mtetea, kisha hulaumu mbegu.

Hatua ya kwanza: elewa Z ya mama huenda kwa nani

Kila seli ya mwili wa kuku ina kromosomu 78, yaani nyuzi ndogo zinazobeba jeni (maagizo ya urithi), zilizopangwa katika jozi 39, na katika kila jozi kromosomu moja imetoka kwa baba na nyingine kwa mama. Jozi moja ndiyo inayoamua jinsia. Kwa binadamu tumezoea kwamba mwanamke ana X mbili na mwanamume ana X moja na Y moja, kwa hiyo mbegu ya baba ndiyo inayoamua kama mtoto atakuwa wa kike au wa kiume. Kwa kuku mambo yamegeuka: jogoo ana kromosomu mbili za Z, na mtetea ana Z moja na W moja. Anayeamua jinsia ya kifaranga, basi, ni mtetea.

Chukua karatasi ufuatilie mwenyewe safari ya kila kromosomu. Jogoo humpa kila mtoto Z, awe wa kike au wa kiume, kwa sababu hana kingine cha kutoa. Mtetea akitoa W, kifaranga huwa jike. Akitoa Z, kifaranga huwa dume. Maana yake ni kwamba Z ya mtetea huenda kwa watoto wake wa kiume tu, na kamwe haiendi kwa binti zake. Binti hupata Z yake kwa baba peke yake. Mambo yote yanayofuata katika mwongozo huu yanatokana na sentensi hizo mbili, na ningemshauri msomaji asiendelee mpaka aweze kuzieleza kwa maneno yake mwenyewe.

Kuna jambo la pili kuhusu kromosomu hizi. Z ni kubwa na imebeba jeni nyingi, ilhali W ni ndogo na jeni nyingi zilizo kwenye Z hazina mwenzake kwenye W. Jogoo anaweza kubeba jeni iliyofichika kwenye Z moja huku Z ya pili ikiifunika isionekane. Mtetea hana mahali pa kuficha: chochote kilicho kwenye Z yake moja huonekana mwilini mwake. Ndiyo sababu kumchagua mtetea kwa macho ni rahisi, na kumchagua jogoo kunahitaji uangalifu zaidi.

Hapa pia ndipo pa kuachana na imani iliyoenea kwamba yai lenye ncha kali hutoa jogoo na yai la mviringo hutoa mtetea. Uamuzi wa Z au W hufanyika ndani ya kiini saa chache kabla hakijaachiliwa kutoka kwenye ovari, wakati ute na ganda bado havijaanza kutengenezwa. Umbo la yai hutokana na mfereji linamopitia baadaye. Joto la mashine nalo halibadilishi jinsia ya kuku, tofauti na mamba na kasa, ambao jinsia yao huamuliwa na joto la mchanga yanamolala mayai.

Hatua ya pili: chagua alama ya kufuatilia

Alama inayofaa zaidi kwa mfugaji mdogo ni milia, yaani zile pete nyeupe na nyeusi zinazopishana juu ya kila unyoya, kama zinavyoonekana kwa kuku aina ya Plymouth Rock. Jeni ya milia imo kwenye kromosomu Z. Jambo hili lilianza kuelezwa mwaka 1908 na mtaalamu wa kilimo wa Marekani, W. J. Spillman, miaka miwili kabla ya mwanabiolojia Thomas Hunt Morgan kutangaza matokeo yake mashuhuri ya nzi wenye macho meupe. Kuku, kwa hiyo, wamo miongoni mwa viumbe vya kwanza kabisa kumfundisha binadamu kwamba kuna sifa zinazosafiri pamoja na jinsia.

Jeni ya milia ni tawala: nakala moja inatosha kuifanya ionekane. Tuiite B, na ile isiyo na milia tuiite b. Sasa mchukue jogoo mweusi asiye na milia, ambaye Z zake zote mbili zina b, umpandishe mtetea mwenye milia, ambaye Z yake moja ina B. Watoto wa kiume watapata b kwa baba na B kwa mama, nao wote watakuwa na milia. Binti watapata b kwa baba na W kwa mama, nao wote watakuwa hawana milia. Rangi ya mama imeenda kwa wana na rangi ya baba imeenda kwa binti, bila hata mmoja kukosea njia.

Geuza sasa wazazi. Mchukue jogoo mwenye milia halisi, mwenye B mbili, umpandishe mtetea mweusi. Kila kifaranga, jike kwa dume, hupokea B kutoka kwa baba, na wote hutoka na milia. Hakuna cha kutenganisha. Ni jambo la kusikitisha kwamba kosa hili ndilo jepesi kuliko yote kulifanya, kwa sababu desturi yetu tunapotaka kuboresha kundi ni kununua jogoo mmoja mzuri na kumwachia mitetea ya nyumbani. Kwa kazi hii fanya kinyume: alama tawala iwe kwa mama, na baba asiwe nayo kabisa.

Hatua ya tatu: wakague wazazi mmoja mmoja

Kwa upande wa mitetea, hakikisha kwamba unachokiona ni milia ya kweli. Kuku wa kienyeji wana mapambo mengi ya manyoya, na si yote yanayotokana na jeni hii. Kuku mwenye madoa meupe kwenye ncha za manyoya, au mwenye michirizi myembamba ya kahawia, anaweza kuwa anabeba jeni nyingine ambazo hazimo kwenye Z kabisa. Chomoa unyoya mmoja wa kifuani na uutazame: milia inayotakiwa hukata unyoya kwa upana, nyeusi kisha nyeupe kisha nyeusi, kuanzia karibu na shina hadi nchani. Ukiwa na shaka na mtetea fulani, mpandishe jogoo mweusi na ulee vifaranga wake mpaka wajulikane. Iwapo wana wote wana milia na binti wote hawana, umepata jibu.

Kwa upande wa jogoo, kwa kuwa B ni tawala, jogoo mweusi au mwekundu asiye na unyoya hata mmoja wenye milia hawezi kuwa ameificha. Black Australorp, ambao Tanzania wengi huwaita kuku wa Malawi, wanafaa sana, na Rhode Island Red pia wanafaa. Usimtumie jogoo mweupe hata kidogo. Weupe wa kuku aghalabu ni kama chokaa iliyopakwa juu ya ukuta: chini yake kunaweza kuwa na milia, na White Leghorn wengi huibeba bila kuionyesha. Vivyo hivyo jiepushe na jogoo chotara mwenye mabaka meupe, ambaye asili yake huijui.

Mitetea ya milia iwe na weusi wa asili chini ya milia yake, kama ilivyo kwa Plymouth Rock, kwa sababu alama ya kifaranga husomeka vizuri tu juu ya vinyoya laini vyeusi.

Hatua ya nne: watenge kwa muda wa kutosha

Mtetea huhifadhi mbegu za jogoo katika vijifuko vidogo ndani ya mfereji wake wa uzazi, na anaweza kuendelea kutaga mayai yenye mbegu kwa wiki mbili au hata tatu baada ya jogoo kuondolewa. Ukimweka mtetea na jogoo mpya leo na kukusanya mayai kesho, huenda unatotolesha watoto wa jogoo wa zamani. Watenge mitetea wako bila jogoo yeyote kwa siku 21 kamili, kisha mwingize jogoo uliyemchagua, na uanze kukusanya mayai baada ya wiki moja hivi. Jogoo mmoja anatosha mitetea 8 hadi 10. Banda liwe na uzio ambao jogoo wa jirani hawezi kuuruka. Ziara moja ya mgeni inatosha kuharibu hesabu yako.

Kuhusu mayai, fuata utaratibu wa kawaida: yasikae zaidi ya siku saba, yahifadhiwe mahali penye ubaridi, ncha nyembamba ikiwa chini, na kila yai liandikwe tarehe kwa penseli. Vifaranga huanguliwa siku ya 21.

Hatua ya tano: soma alama ya utosini

Subiri mpaka vifaranga wakauke vizuri, kwa maana kifaranga mwenye unyevu hudanganya jicho. Wasome mchana, kwenye mwanga wa dirishani, ukimshika mmoja mmoja na kumtazama kutoka juu. Madume watakuwa weusi wenye doa jeupe au la manjano hafifu juu ya utosi. Majike watakuwa na utosi mweusi usio na doa. Ukubwa wa doa hutofautiana. Kwa dume mmoja linaweza kuwa pana kama punje ya mahindi na kwa mwingine likawa nyuzi chache tu nyeupe, kwa hiyo tenganisha vinyoya kwa kidole kabla ya kuamua.

Usitazame tumbo. Vifaranga weusi wa jinsia zote mbili huwa na weupe tumboni, kidevuni na mara nyingine kwenye ncha za mabawa, na weupe huo hauna uhusiano wowote na milia. Wengi waliokata tamaa na njia hii walikuwa wakisoma sehemu isiyo sahihi ya mwili.

Mpe kila kifaranga alama mara unapomsoma, kwa mfano uzi wa rangi mguuni, na uulegeze au uubadilishe kila wiki usije ukamkata anapokua. Doa la utosini hutoweka kadiri manyoya ya kweli yanavyoota, lakini ushahidi haupotei: madume huanza kuota manyoya ya milia, na majike hubaki weusi, au weusi wenye uwekundu shingoni ikiwa baba ni Rhode Island Red.

Hatua ya sita: hakiki hesabu yako

Mara ya kwanza usiuze wala kuondoa kifaranga yeyote kwa kutegemea alama pekee. Andika daftarini idadi ya uliowaita madume na uliowaita majike, kisha uwakague tena wakifika wiki 8, wakati kilemba cha jogoo kimeanza kukua na kuwa chekundu. Ikiwa wazazi walichaguliwa sawasawa, majibu yataafikiana. Kifaranga mmoja au wawili wasiolingana huwa kwa kawaida ni kosa la kusoma. Wakiwa robo ya kundi, tafuta jogoo mgeni au mzazi asiye halisi.

Usishtuke pia idadi isipokuwa nusu kwa nusu. Kila yai lina nafasi sawa ya kuwa na Z au W, lakini kati ya vifaranga 20 kupata madume 12 na majike 8 ni jambo la kawaida kabisa. Anayetaka kuuona usawa huo ajumlishe matokeo ya mizunguko kadhaa.

Hatua ya saba: usiwarudishe watoto kwenye kazi ya wazazi

Hapa ndipo ningependa msomaji anisikilize kwa makini kuliko mahali pengine. Vifaranga wako wa kwanza wamesomeka vizuri, majike wamekua, wanataga, na unaona ni busara kumwacha jogoo mmoja wa kizazi hicho hicho awapande. Tazama kinachotokea. Jogoo huyo ana B moja na b moja, kwa hiyo nusu ya mbegu zake hubeba B na nusu hubeba b. Dada zake wana b pekee. Watoto wao wa kiume watakuwa nusu wenye milia na nusu wasio na milia, na binti zao vivyo hivyo. Doa la utosini litaendelea kuonekana kwa nusu ya vifaranga, lakini halitasema chochote tena juu ya jinsia. Mfugaji asiyejua ataendelea kuwaita wenye doa madume, na atawauza wataga mayai wake wazuri kwa mikono yake mwenyewe.

Uwezo wa kutambua jinsia kwa rangi, basi, haurithishwi kama sifa ya kuku; hutokana na mpango wa wazazi, na mpango huo lazima upangwe upya kila mara. Hali ni hiyo hiyo kwa kuku wa mayai wa kahawia wanaouzwa na kampuni za kutotolesha. Wao hutenganishwa kwa jeni nyingine iliyo kwenye Z, ile ya fedha na dhahabu. Jeni ya fedha ni tawala nayo huwekwa kwa mama, na jogoo huwa wa dhahabu, yaani mwekundu; madume hutoka na rangi ya maziwa au manjano, na majike hutoka kahawia. Ukimchukua mtetea wa aina hiyo aliyezeeka ukampandishia Rhode Island Red, wote wawili ni wa dhahabu, na vifaranga wote watatoka kahawia. Anayetaka kuitumia jeni hii nyumbani anaweza kumpandisha jogoo wa Rhode Island Red kwa mtetea wa Light Sussex, ambaye ni wa fedha.

Kuna jeni ya tatu kwenye Z, ya kasi ya kuota manyoya ya bawa. Mama wa kuota polepole akipandwa na jogoo wa kuota upesi, binti huanguliwa wakiwa na manyoya makubwa ya bawa marefu kuliko yale yanayoyafunika, na wana huwa na safu mbili zinazolingana. Lazima isomwe katika siku moja au mbili za kwanza, na bila kundi lililochujwa kwa vizazi vingi haina maana kwa mfugaji wa kawaida.

Namna ya kujua kama sifa nyingine imo kwenye Z

Wafugaji huuliza kama shingo isiyo na manyoya ya kuku wa kishingo inaweza kutumika kwa njia hii. Haiwezi, na kipimo cha kujua ni kile kile kwa sifa yoyote: fanya mpandisho mara mbili, mara ya pili ukiwa umebadilisha nafasi za wazazi. Jogoo wa kishingo kwa mtetea wa kawaida, na mtetea wa kishingo kwa jogoo wa kawaida, hutoa matokeo yanayofanana, na wana na binti hushiriki sawa. Jeni hiyo imo kwenye kromosomu ya kawaida, isiyo ya jinsia. Sifa iliyo kwenye Z hutoa matokeo tofauti mara wazazi wanapobadilishana nafasi.

Mantiki hiyo hiyo ndiyo inayoeleza upofu wa rangi na himofilia (ugonjwa wa damu kutoganda vizuri) kwa binadamu, ila jinsia zimebadilishana. Baba humpa X yake kila binti na hampi mwana hata mmoja. Mwana hupata X yake kwa mama, na kwa kuwa ana moja tu, hana ya pili ya kuifunika kasoro. Ndiyo maana hali hizo hujitokeza zaidi kwa wanaume, na ndiyo maana mama mwenye afya njema anaweza kuwa anabeba jeni hiyo bila kujua na bila kosa lolote lake.

Kutunza kundi la mama

Ili upate mitetea yenye milia mwakani, lazima uwe na kundi la pili lililotengwa, ambamo jogoo wa milia anapanda mitetea ya milia peke yao. Jogoo halisi wa kundi hili ana B mbili na mtetea ana moja, na kwa kuwa nakala mbili huongeza weupe, jogoo huonekana mwenye rangi hafifu zaidi kuliko mitetea yake. Wataalamu wa urithi Reginald Punnett na Michael Pease, wa Cambridge nchini Uingereza, waliitumia tofauti hiyo ya nakala kutengeneza kuku walioitwa Cambar, ambao vifaranga wao hutambulika jinsia kizazi baada ya kizazi bila kuchanganya aina mbili. Katika kundi lako la milia utaiona tofauti hiyo kwa kiasi kidogo: madume huwa na doa kubwa lenye kingo zisizoeleweka, na majike huwa na doa dogo lililokolea kingo, na miguu yao huwa na weusi zaidi. Kadiria kwa tahadhari, kwani hapa alama hupishana. Unapochagua jogoo wa kuendeleza kundi hili, mchague yule mwenye weupe mwingi kwenye milia, na umwondoe mwenye rangi iliyokolea kama dada zake, kwa maana huyo huenda ana B moja tu, na nusu ya binti zake watatoka weusi.